Mashine Iliyolala Sabato

Kazi yangu ni kupima maziwa katika ushirika wetu hapa Nyansiongo, na wenzangu husema kazi yangu ya pili ni kuuliza maswali. Sikatai. Mtu anayechovya kipimo katika mtungi wa kila mkulima ili ajue nani ameongeza maji, atakosaje kuwa mdaku? Jina langu ni Nyasani. Lakini ninayetaka kumsimulia si mimi, ni Apiyo, fundi wetu wa kompyuta, na jinsi alivyokaribia kumharibia jina mama anayempenda kuliko mtu mwingine yeyote huku Borabu.

Apiyo ni mtu wa Asembo, kule kando ya ziwa. Ni mrefu, mwembamba, huvaa sweta mbili kwa sababu baridi yetu haijawahi kumzoea, na akifikiri hujisemea Kijaluo chini chini. Alisomea kompyuta Kisumu, akakaa kidogo Kisii mjini akitengeneza simu za watu, ndipo ushirika ukamwajiri. Alipofika hapa alikodi nyumba ndogo katika boma la Mama Bonareri, mjane Msabato mwenye ng'ombe watatu wazuri na macho yaliyoanza kufifia.

Miezi ya kwanza Apiyo aliishi Nyansiongo kana kwamba yuko Asembo. Kwao Jumamosi ni siku ya kufua. Basi kila Jumamosi asubuhi, jirani zake wakipita wamevaa vizuri, lesoni, kile kijitabu chao cha masomo ya Sabato, mkononi, walimkuta uani na mabeseni ya povu, redio juu ya kigoda ikipiga rumba. Hakuna aliyemwambia kitu. Sisi Wakisii tunaweza kumvumilia mgeni mpaka tukaugua. Walisalimia, wakapita, wakaenda kumsema huko mbele.

Aliyemwambia ni Bonareri, na hakuanza na lawama. Jumamosi moja alitoka kanisani akaingia uani na jagi la maziwa. Akaishusha redio chini taratibu, akaketi kwenye kigoda chake.

"Kunywa," akasema. "Leo hatuuzi. Ng'ombe tunamkamua kwa sababu kiwele kitamuuma. Lakini maziwa ya Sabato ni ya ndama na ya jirani."

"Na mimi ni yupi kati ya hao, Mama?" Apiyo akauliza.

Bonareri alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha wakazungumza, na siku hiyo ndipo Apiyo alipojua ni kitu gani amekuwa akianika mbele ya macho ya watu kila wiki. Tangu hapo hufua Jumapili akitoka kwao Anglikana, na kila Jumamosi hupata jagi lake. Kabla ya kufanya jambo geni katika boma lile, huuliza kwanza. Kuuliza si ujinga, nami nilimpendea hilo kwa sababu hapa kazini nilikuwa nauliza peke yangu.

Mwaka jana kompyuta zetu za zamani zilianza kufa moja moja. Ushirika una laini tano za kukusanya maziwa. Kila laini ina karani wake, ambaye husimama barabarani na mizani asubuhi, na kila laini ilikuwa na kompyuta yake ofisini. Mizani hupima, kilo zinafika kwenye kompyuta, kompyuta inamwandikia mkulima ujumbe kwenye simu. Meneja wetu, Bwana Mokua, aliponunua mashine moja kubwa, ile wanayoiita seva, alimwambia Apiyo azihamishie laini zote humo.

Mimi nikaenda kumsimamia mlangoni. "Nyar Asembo," nikamwambia, yaani binti wa Asembo, "mashine tano zitaingiaje ndani ya moja? Utazisaga?"

"Umeona nyumba za kupanga?" akajibu bila kugeuka. "Boma ni moja, milango ni mitano. Kila mpangaji ana jiko lake na kufuli lake. Hizo za ndani zinaitwa mashine pepe. Huwezi kuishika hata moja, lakini kila moja inafanya kazi kama kompyuta."

"Na zenyewe zinajua kwamba zimepanga?"

Hapo aligeuka. Nadhani hakutarajia swali hilo kutoka kwa mtu mwenye gamubuti. Akanivutia kiti, akaniambia kwamba hilo ndilo jambo alilokuwa akilifikiria asubuhi nzima, kwa sababu kuna namna mbili za kuiweka mashine pepe na inabidi achague.

Namna ya kwanza ni kuidanganya kabisa. Unaiundia kila kitu cha kuigiza: diski ya kuigiza, waya wa mtandao wa kuigiza, hata saa ya kuigiza. Inaamka ikijiona iko peke yake duniani, haijui kuna seva inayoibeba. Uzuri wake ni kwamba hata programu ya zamani sana itakubali kuhamia humo bila kubadilishwa chochote. Namna ya pili ni kuiambia ukweli. Mashine inajua imefikia kwa mwenyeji, na ikihitaji kitu inabisha mlango na kumwomba mwenyeji moja kwa moja. Hiyo hufanya kazi kwa wepesi zaidi, lakini lazima kwanza uifundishe kuomba, na nyingine ni nzito kufundishika.

"Na wewe umechagua ipi?"

"Ya kudanganya," akasema. "Programu yetu ya maziwa ni mzee. Imezoea kuishi peke yake. Nikiihamisha bila kuiambia, haitasumbuka."

"Kama wewe na mabeseni yako."

Alinirushia kitambaa cha kufutia vumbi. Tukacheka, mimi nikarudi kwenye mitungi yangu, na wala hatukufikiria kwamba tumesema jambo la maana.

Alianza majaribio na laini moja, ya karani Joash, kwa sababu Joash ni mtu makini ambaye hata mizani huifuta kabla ya kuitumia na baada. Joash ni Msabato, na laini yake yote karibu ni ya Wasabato. Jumamosi hapokei maziwa. Laini nyingine hupokea kama kawaida, maana ng'ombe wetu sisi Wakatoliki hawana siku. Apiyo alimwekea Joash pale ofisini mahali pa kuiwasha na kuisimamisha mashine ya laini yake mwenyewe, kama alivyozoea kufanya na ile ya zamani.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ndiyo iliyoleta maneno.

Bonareri hasomi simu yake. Herufi zimekuwa ndogo mno kwa macho yake, na hataki kumsumbua Apiyo kila siku. Jumatano, baada ya maombi ya jioni, alimpa simu Sista Esnah, karani wa kanisa, amsomee kilo zake za wiki ajue kama yule ng'ombe mwekundu ameanza kupunguza. Esnah ni mwanamke mwaminifu. Tatizo lake ni kwamba haki yake huamka mapema kuliko yeye. Alisoma ujumbe wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akasoma huu: "Bonareri, tumepokea kilo kumi na moja za Jumamosi. Asante."

Hakuendelea. "Mama," akasema mbele ya watu waliokuwa bado wanavaa makoti, "Joash hapokei Jumamosi. Ulipeleka kwa laini ya nani?"

"Sikupeleka," Bonareri akasema. "Hiyo iliingia Jumatatu. Simu ililia nikiwa na ndoo mkononi."

"Ujumbe huchelewa. Network ya hapa, hata salamu za Krismasi zinafika Januari."

Ili ujue uzito wa jambo hilo, lazima ujue kwamba jina la Bonareri lilikuwa limependekezwa kuwaongoza mashemasi wanawake wa kanisa lao. Baraza lilikuwa likutane Jumapili ile kulithibitisha. Mwanamke huyo alifagia kanisa lile tangu likiwa la udongo. Alibeba mawe ya msingi wake akiwa na mimba. Sasa watu walianza kusema kwamba anapitishia maziwa ya Sabato kwenye laini ya Wakatoliki, na kama ilivyo desturi ya wasemaji, wengine wakaongeza lisemwalo lipo.

Alhamisi Bonareri alimngoja Apiyo langoni. Hakupaza sauti. Apiyo anasema ingekuwa afadhali angepaza.

"Mashine yako imesema niliuza maziwa ya Sabato," akamwambia. "Yale maziwa uliyanywa wewe. Mimi najua na wewe unajua. Lakini Jumapili nitaondoa jina langu. Sitaki kanisa lipigane kwa ajili ya ng'ombe."

"Mama, usiondoe. Ngoja kwanza nijue ni nini."

"Na ukijua, watu watajua?"

Ijumaa asubuhi Apiyo alinijia kwenye banda la kupimia, macho mekundu, sweta moja ameivaa kinyume. "Nyasani, nimemharibia Mama," akasema. "Njoo uniulize maswali yako. Mimi yangu yameisha."

Sijawahi kualikwa kwenye jambo kwa maneno matamu kiasi hicho. Niliosha mikono nikamfuata.

Nilianza na mizani. Mizani inajua siku? Haijui, akasema, yenyewe inajua kilo tu. Simu ya Joash inayozituma hizo kilo? Akaitazama, tarehe yake ilikuwa sawa. Nani basi anayeandika neno Jumamosi? Akasema ni ile mashine pepe, inatazama saa yake yenyewe. "Basi iulize leo ni lini," nikamwambia. Akaandika maneno mawili matatu, na jibu likaja kwenye kioo. Nje kulikuwa Ijumaa, chai ya saa nne bado haijaiva. Mashine ikasema ni Jumatano usiku.

Nakiri niligeuka dirishani kuhakikisha jua lipo.

Apiyo akaiuliza seva yenyewe. Seva ikasema Ijumaa, bila kukosea hata dakika. Kumbe mwenyeji anajua siku na mgeni wake aliyemo tumboni hajui, na wala hamwulizi. Tulikaa tukikitazama kioo kama watu wanaotazama mwizi aliyelala. Kisha Apiyo akasema polepole, "Kuna mahali imepoteza siku moja na nusu," akatuma mtu amwite Joash.

Joash alikuja na kofia mkononi. Apiyo hakumkaripia. Alimuuliza tu Ijumaa iliyopita alifanya nini kabla ya kwenda nyumbani.

"Niliipumzisha," Joash akasema. "Jua likikaribia kutua, mimi lazima niipumzishe. Hata ya zamani nilikuwa nikiifanyia hivyo."

"Uliizima?"

"Ya zamani nilikuwa nazima, kwa sababu haikuwa na njia ingine. Hii uliniletea mbili. Kuna kuzima na kuna kusitisha. Nikafikiria, kuzima ni kama kuua, na kupumzika si kufa. Amri inapumzisha hata ng'ombe na punda. Hii nayo inanifanyia kazi. Nikasitisha. Jumapili alfajiri kabla ya kutoka na mizani nikaiamsha, ikaamka vizuri sana."

Apiyo alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona anafanya yote mawili.

Baadaye alitueleza kwa utulivu. Kompyuta ya zamani, hata ikizimwa, ilikuwa na betri ndogo ndani ikiendelea kuhesabu saa, na ilipoamka iliitazama ile betri kwanza. Mashine pepe haina betri. Ukiisitisha, inakatika katikati ya wazo. Ukiiamsha, inaendelea na lile wazo pale pale. Kwake hakuna kilichopita. Iliingia Sabato Ijumaa jioni na ilipoamshwa Jumapili iliamini bado ni Ijumaa jioni. Maziwa ya Jumapili ikayaandika Ijumaa. Maziwa ya Jumatatu ikayaandika Jumamosi. Na kwa kuwa ilikuwa imeaminishwa iko peke yake duniani, haikuwa na mtu wa kumuuliza.

"Kwa hivyo ni mimi," Joash akasema. Kofia yake ilikuwa imekunjika kabisa.

"Hapana. Wewe ulifanya kama unavyofanya siku zote. Mimi ndiye sikukuuliza unafanyaje."

Bwana Mokua aliingia wakati huo, akasikiliza akiwa amesimama, na suluhisho lake likatoka kabla hatujamaliza kueleza. Alitaka ibandikwe karatasi ukutani kwamba ni marufuku kusitisha mashine. Ni meneja mzuri, lakini kwake kila jambo huishia kwenye karatasi ukutani.

"Bwana Mokua, naomba mpaka jioni," Apiyo akasema. "Tukibandika karatasi, Joash ataitii. Umeme ukikatika na seva ikazisitisha yenyewe, nani atausomea umeme ile karatasi?"

Meneja akafikiri, akampa mpaka jioni.

Sasa nitakuambia jambo zuri zaidi nililoliona mwaka ule. Apiyo alitengeneza mashine pepe mbili, zote zikiwa na programu ile ile ya maziwa. Ya kwanza akaiacha katika udanganyifu wake. Ya pili akaipa mfumo mpya unaojua kuomba, akaiambia umefikia kwa fulani, na mlango wa kubishia ni huu. Programu ile nzee iligoma mara kadhaa, akaibembeleza kwa Kijaluo, ikakubali. Kisha akazisitisha zote mbili kwa pamoja, akasema, "Twende tunywe chai."

Tulikunywa chai na viazi vitamu. Mimi sikusikia ladha ya chochote. Tuliporudi akaziamsha. Ile iliyodanganywa ilisema bado hatujaenda kunywa chai. Iliapa kabisa, na sekunde zake zikaanza kutembea kutoka pale ilipoachia. Ile ya pili ilisita kidogo, ikabisha kwa mwenyeji, saa yake ikaruka mpaka dakika tuliyokuwa nayo.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Nikamwomba arudie tena, na bila shaka ningekaa pale mpaka Sabato iingie kama mitungi isingekuwa inaningoja. Kilichonishangaza si ile iliyopata saa. Kilichonishangaza ni ile nyingine, jinsi ilivyokosea kwa uhakika mkubwa namna ile. Haikuwa na shaka hata kidogo.

"Unajua tofauti yao ni nini?" Apiyo aliniuliza. "Hii si mwerevu kushinda hii. Ni kwamba hii inajua si kwao." Kisha akaongeza, "Mimi nilianika nguo miezi minne, Nyasani. Nilikuwa na uhakika hivyo hivyo."

Kabla ya jioni alikuwa amechagua. Laini zote tano zingewekwa kwa namna ya kujua. Iliyobaki ni mashine ya stoo ya chakula cha ng'ombe, ambayo programu yake ilikataa katakata kufundishwa. Hiyo aliiacha idanganyike, akaiondolea ile njia ya kusitisha. Joash alirudishiwa ruhusa yake ya kuipumzisha mashine kila Ijumaa, na hiyo ndiyo sehemu iliyomfanya avae kofia tena.

Lakini jina la Bonareri halikuwa ndani ya seva. Lilikuwa vinywani mwa watu, na huko hakuna pa kubonyeza. Ndipo nilipomwonyesha Apiyo kitu ambacho mimi mdaku nilikiona mapema. Kama mashine ilikosea siku, iliwakosea wote waliopeleka maziwa kwa Joash Jumatatu. Tukatazama. Kila mtu wa laini ile alikuwa ameandikiwa Jumamosi, na kati yao alikuwepo Esnah, kilo nane.

"Tumempata," nikasema. Nilifurahi vibaya, nakiri. "Jumapili simama umwambie afungue simu yake mbele ya baraza."

Apiyo naye alifurahi. Akaenda nyumbani mbio kumwambia Bonareri kabla jua halijatua. Aliyoyakuta huko alinisimulia baadaye. Bonareri alikuwa akipanga kuni za Sabato. Alisikiliza habari ya mashine mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri, akacheka kidogo aliposikia habari ya Joash na punda. Aliposikia la Esnah aliacha kucheka.

"Hilo usiliseme," akasema.

"Mama, yeye alikusema mbele ya watu."

"Ndiyo maana najua ilivyo kusemwa mbele ya watu. Nikianza uongozi kwa kumwaibisha karani wangu, nitakuwa naongoza nini?"

"Na wasiponiamini?"

"Basi nitafagia tu. Ufagio hauhitaji kuthibitishwa."

Jumapili nilitoka misa moja kwa moja mpaka kwa Wasabato, nikakaa karibu na mlango. Nilijiambia nimekuja kuwa shahidi wa ile saa. Mzee Ochoki, mzee wa kanisa, ndiye aliyeongoza baraza, mtu mnene, mpole, mwenye koti lenye mifuko mingi. Esnah alikuwa mezani akiandika. Bonareri alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani. Apiyo akasimama katikati, peke yake, akaeleza.

Alieleza vizuri, lakini niliona nyuso. Mzee Ochoki ndiye aliyetaka kuelewa kweli.

"Sasa hiyo mashine ilifikiria ni Ijumaa?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na haikuona jua?"

"Haina dirisha, Mzee."

Watu wakacheka, hewa ikalegea kidogo. Kisha shemasi mmoja wa nyuma akasema bila ubaya mwingi, "Lakini huyu fundi anakaa kwa huyo mama. Anakunywa maziwa yake. Atasema nini kingine?"

Kicheko kikafa. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa benchi. Neno moja tu lilitosha, jina moja tu. Apiyo alimtazama Bonareri. Bonareri akatikisa kichwa, kidogo sana, na nadhani mimi na Apiyo tu ndio tuliomwona.

"Ni kweli nakunywa," Apiyo akasema. "Ya Jumamosi hiyo yalikuwa jagi moja. Nililimaliza. Sina kingine, Mzee." Akaketi.

Kalamu ya Esnah ilikuwa imesimama. Alikuwa ameandika kila neno mpaka hapo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyo, na nadhani ni kwa kuandika ndipo alipoelewa. Aliinama, akafungua mkoba wake, akatoa simu. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Halafu akasimama.

"Nami hupeleka kwa Joash," akasema. "Sikuwa nimefungua hizi za kwangu." Akasoma kama anavyosoma kumbukumbu za kikao, bila kuruka kitu. "Esnah, tumepokea kilo nane za Jumamosi. Asante."

Kisha Mzee Ochoki akaanza kutafuta mfuko mmoja baada ya mwingine mpaka akaipata simu yake. "Ochoki," akasoma, "kilo kumi na tano." Shemasi wa nyuma naye alikuwa ameshatoa yake, na uso wake ulinitosha kujua ilichosema. Mzee Ochoki akavua miwani. "Basi ndugu zangu," akasema, "kanisa lote tumevunja Sabato, na tuliivunja Jumatatu."

Walicheka mpaka watoto waliokuwa nje wakachungulia dirishani. Esnah hakucheka. Alibaki amesimama na simu mkononi, akamgeukia Bonareri.

"Mama," akasema, "afadhali ningeanza na yangu."

"Keti uandike," Bonareri akamwambia. "Tuna mambo mengine."

Akaandika. Jina lilithibitishwa kabla ya chai.

Ijumaa iliyofuata Joash aliipumzisha mashine, Jumapili akaiamsha, ikabisha kwa mwenyeji na kuuliza siku. Jumatatu asubuhi Apiyo hakuweza kungoja ofisini. Alikuja kituoni barabarani, sweta mbili, ukungu bado uko chini kwenye mahindi. Nami nilikuwepo na kipimo changu, ingawa si zamu yangu. Bonareri akapimiwa. Simu yake ikalia ndani ya leso.

"Lete nikusomee, Mama," Apiyo akasema, mkono tayari umenyooka.

Bonareri aliifunika simu kwa kiganja. "Ngoja," akasema. "Msomaji wangu yuko."

Akatembea nyuma ya foleni, taratibu, akihesabu watu kwa sauti zao, mpaka alipofika kwa Esnah aliyekuwa amesimama na mtungi wake mdogo. Akamnyooshea simu. Esnah aliweka mtungi chini, akaipokea kwa mikono miwili.

"Kilo kumi na mbili," akasoma, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. "Za Jumatatu." Kisha, bila mtu kumwambia, akatoa simu yake mwenyewe, akaisoma nayo.